Ndege Ile, Ndege Yule

Winrose Obura alikuwa na sikio lisilosamehe. Baba yake, fundi wa reli aliyestaafu na kuhamia Free Area, alikufa akisema "sule" na "sauri ya serikali," na watoto wa majirani walizoea kumfuata Winrose njiani wakimwimbia: "Winrose, umetoka sule?" Akiwa darasa la nne aliapa kwamba hakuna mtu atakayemcheka tena kwa sababu ya herufi. Alisoma, akafuzu ualimu wa Kiswahili na muziki, na sasa alikuwa akifundisha katika shule moja ya msingi pembeni mwa Kiamunyi, ambako watoto wa Kikuyu walikula kura na kupiga kula, na watoto wa Kikalenjin waliokuja jana walisema walikucha chana. Wote aliwarekebisha. Hakuwachapa wala hakuwacheka. Alisimama tu mbele ya mtoto na kungoja hadi neno litoke lilivyo.

Wimbo aliusikia kwenye foleni ya uji, mwanzoni mwa muhula wa pili. Cheruto wa Gredi ya Pili alikuwa amesimama na kikombe chake cha kijani, meno mawili ya mbele yameng'oka, akijigongea paja kwa kikombe na kuimba kama mtu aliye peke yake:

*Mama anakucha,*
*na ndege anakucha,*
*ile kubwa nyeupe,*
*anakucha, anakucha.*

"Mama yako ako na kucha?" akauliza Maxwel, aliyesimama nyuma yake. "Si mwambie akate!"

Foleni ikacheka. Cheruto hakugeuka. Aliendelea kuimba, na Winrose, aliyekuwa akipita na daftari kwapani, akasimama.

Haikuwa kwa sababu ya maneno. Ilikuwa sauti. Ilishuka ngazi nne taratibu, halafu pale ambapo mtunzi yeyote mtu mzima angetua, ikaruka juu na kukaa huko huko, kama mtoto aliyepanda ukuta na hataki kushushwa. Winrose alikuwa ametunga nyimbo za mashindano miaka yote tangu aajiriwe. Kila mwaka zilikwamia kaunti. Mwamuzi mmoja alimwambia wazi, mbele ya wanafunzi wake, kwamba wimbo wake ulikuwa safi kabisa ila haukuwa na mtu ndani.

Akachuchumaa. "Cheruto, nani amekufundisha wimbo huo?"

"Mimi tu, Ticha."

"Unasema anakuja, au anakucha?"

Mtoto akamtazama kama mtu aliyeulizwa iwapo maji ni maji au ni maji. "Anakucha."

"Na ndege?"

"Eeh. Na ndege."

"Ndege gani?"

"Ile kubwa. Nyeupe. Inapitanga juu ya kwetu."

Winrose akainua macho. Saa kama hiyo, jua likishapasha bonde, wari, ndege wale wa mdomo mrefu, huinuka kutoka ziwani na kupanda kwa mizunguko kuelekea Menengai, wakubwa, weupe, mabawa yametulia. Wengine walikuwa juu ya shule wakati huo huo. Akauona wimbo wote kwa mara moja: mama aliyeko mbali, ambaye hawezi kurudi kama mtu arudivyo, anakucha. Anapambazuka pamoja na ndege. 

Kuhusu mama mwenyewe alijua kile walichojua wote. Jepkoech alikwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, akamwacha binti yake kwa nyanya. Kulikuwa na akina mama wa namna hiyo katika kila darasa.

"Ndege ni kiumbe mwenye uhai," akamwambia Cheruto. "Hatusemi ile kubwa, nyeupe. Tunasema yule mkubwa, mweupe. Rudia."

"Yule mkubwa, mweupe."

"Vizuri sana."

Mtoto akatabasamu kwa pengo lake na kusogea mbele na kikombe.

Siku hiyo hiyo Winrose alimpeleka kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Bwana Ngigi alikuwa mtu wa vikombe. Alikuwa ametengeneza kabati la kioo ukutani, na ndani yake mlikuwa na kikombe kimoja cha mbio za magunia kilichogeuzwa huku na huku ili kionekane kama ni vingi. Alimsikiliza mtoto tangu mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza, alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Kisha akamwambia Cheruto aende darasani.

"Ni wake?" akauliza.

"Wake mwenyewe. Nitaongeza beti mbili na sauti ya pili. Hii siwezi kuigusa."

"Na mtoto anajua maana yake?"

"Watoto hawajui maana, Mwalimu. Ndiyo sababu wanaimba vizuri."

Bwana Ngigi akageukia dirisha. Nje, watoto walikuwa wakisuuza vikombe bombani. Alinyamaza kwa muda ambao Winrose aliuchukua kuwa ni wa heshima.

"Basi fundisha," alisema hatimaye. "Huu utatufikisha mbari."

Mbali, sikio la Winrose likasema. Lakini mwalimu mkuu hasahihishwi na mwalimu wake.

Muhula ukashika kasi. Wimbo ulitoka darasani ukaenda wenyewe. Walimu waliuvumisha puani wakisahihisha madaftari. Mama mboga wa langoni, ambaye tangu kibanda chake kibomolewe hakuwa akimjibu mtu salamu, alisikika asubuhi moja akipanga nyanya na kuimba *anakucha, anakucha*, na aliponaswa akacheka kwa aibu. Joan, mwalimu wa Gredi ya Nne aliyekuwa na mwezi mzima akisema ataacha kazi, alisema bado anafikiria. Winrose mwenyewe, ambaye hakuwahi kuimba nje ya saa za kazi, alijikuta akiimba akifua. Hakulitafutia jambo hilo maelezo. Lilikuwa jambo la kweli na lilikuwa likitendeka, hiyo ilitosha.

Kwenye mashindano ya kaunti, Cheruto alisimama mbele ya wenzake akiwa amevaa soksi mpya zilizomzidi. Alipofika kwenye ule mruko wa juu, ukumbi ulitulia hadi feni ikasikika. Winrose, akiongoza kwa mikono, aliona mambo mawili kwa pembe ya jicho. Kogo, nyanya yake Cheruto, aliyeletwa na basi la shule pamoja na wazazi wengine, aliinuka katikati ya ubeti na kutoka, leso mdomoni. Bwana Ngigi, kwenye safu ya mbele, alikuwa akilia waziwazi, machozi yakishuka hadi kwenye tai. Winrose alihesabu yote mawili kuwa ni kazi ya muziki.

Mwamuzi mkuu alikuwa Jalal Shariff, mzee wa mojawapo ya zile familia za Kiislamu za mjini zilizotoka pwani zamani, na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kikimfanya Winrose ajione bado yuko darasa la nne.

"Mtoto huyu," alisema kwenye kipaza sauti, "ametwambia kwamba mama si mtu wa kungojwa mlangoni. Mama ni asubuhi. Mimi nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi, sijaambiwa jambo kubwa kama hilo na mtu mdogo kama huyu. Na jambo la pili, mwalimu wao nampa mkono. Ndege *yule*. Si *ile*. Watoto wa bara wakilisema hilo sawasawa, mimi hulala usingizi mzuri."

Walishika nafasi ya kwanza. Mashindano ya kanda yalipangwa kufanyika mjini Nakuru Jumatano ya wiki iliyofuata. Kwenye basi la kurudi, Cheruto alilala akimwegemea Winrose, soksi zimeteremka, na Winrose hakuusogeza mkono wake hata ulipokufa ganzi.

Jumatatu, Kiplangat alikuja shuleni. Alikuwa mjomba wa Cheruto, kakake Jepkoech, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache mwenye madoa ya moto kwenye viatu. Alimkuta Winrose chini ya paa la jikoni, mahali pa mazoezi.

"Madam, naomba ruhusa ya mtoto. Alhamisi asikuje shule. Mamake anafika."

Winrose akamshika mikono yote miwili bila kufikiri. "Anakuja? Jepkoech anakuja? Na Cheruto anajua?"

Kiplangat akaitazama mikono yake iliyoshikwa.

"Anachua anakucha," alisema polepole. "Hiyo tulimwambia kutoka mwezi wa tano. Tulimwambia mama anakucha na ndege."

Sikio la Winrose lilifanya kazi yake kabla ya yeye mwenyewe. Anachua. Anakucha. Akaiachilia mikono ya Kiplangat.

"Anakuja na ndege," akasema, akiliweka kila neno mahali pake.

"Ndiyo. Jumatano usiku. Ile ya mizigo."

"Ya mizigo?"

"Sanduku haliketi na abiria, Madam." Sasa yeye ndiye aliyeonekana kutoelewa. "Kwani mwalimu mkuu hakukwambia? Mimi nilikuja hapa mwezi wa tano, siku ile tulipigiwa simu. Nikamwambia awaambie walimu wote, lakini mtoto asiambiwe. Wanasema moyo ulisimama. Moyo wa kila mtu unasimamanga akikufa, sasa hiyo ni kuambiwa nini? Tumehangaika na karatasi zao mpaka leo."

Winrose alisema pole. Alilisema sawasawa, kwa sauti inayostahili, na akamwambia kwamba ruhusa ipo. Kiplangat akavaa kofia yake ya helmeti na kuondoka.

Akabaki pale chini ya paa, na mambo yakajipanga mbele yake moja baada ya jingine, bila kuombwa. Cheruto husema chana. Winrose mwenyewe alikuwa amelirekebisha neno hilo mara nyingi, tena wiki ile ile ya foleni ya uji. Aliujua ukweli huo kama anavyolijua jina lake, na akauweka kando kwa sababu alitaka wimbo. Alikuwa amemwuliza mtoto achague kati ya maneno mawili ambayo masikioni mwake ni neno moja, na jibu akalichukua kama ushahidi.

Kisha lile jingine. Kiumbe mwenye uhai ni yule. Kitu cha injini ni ile. *Ile kubwa, nyeupe, inapitanga juu ya kwetu.* Amezoea watoto wa bara kusema ile kwa kila kitu, kwa mbuzi, kwa mwalimu, kwa Mungu. Hivyo aliposikia ile akasikia kosa. Mtoto hakuwa amekosea. Katika mstari ule mmoja Cheruto alikuwa na sarufi iliyo sahihi kabisa, na yeye, mwalimu, aliifuta kwa mkono wake na kuweka ndege mwingine.

Alimkuta Bwana Ngigi akipanga upya kabati la kioo. Alikuwa amekitoa kile kikombe cha magunia na kuacha nafasi.

"Ulijua," Winrose akasema.

"Keti, Mwalimu."

"Nitasimama. Ulijua tangu mwezi wa tano. Nilimleta hapa akaimba mbele yako, na ulijua anaimba nini."

"Familia ilisema mtoto asiambiwe hadi mwili ufike. Si mimi niliyesema. Ni nyanyake."

"Familia ilisema mtoto asiambiwe. Haikusema mimi nisiambiwe."

Bwana Ngigi akafunga kabati. Ufunguo uligoma kidogo kwenye kufuli.

"Ungejua," aliuliza, "ungemfundisha?"

"La."

"Basi."

Hilo *basi* ndilo lililokuwa ungamo lote alilopata. Alilitamka bila ukali, kama mtu anayemweleza mwenzake jumla ya hesabu.

"Pale kaunti ulilia."

"Nililia. Kwani mimi ni jiwe? Nilikuwa naona mtoto anaita sanduku la mamake kwa furaha. Ungeona wewe usingelia?"

"Nilidhani unalia kwa ajili ya wimbo."

"Sasa si ni wimbo?" Alishangaa kweli. "Sikiliza, Winrose. Jumatano aimbe, Alhamisi aambiwe. Mtoto apate siku mbili tatu zaidi za kufurahi, kuna ubaya gani hapo? Na umeona watu huku nje. Mama mboga anaimba. Joan amebaki. Unataka kuwanyang'anya?"

Alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kila alichokitaja kilikuwa kweli.

Jioni alikwenda kwao Cheruto. Mtoto alikuwa ametumwa dukani. Kogo alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, akipeta maharagwe ya wageni wa Alhamisi, na alimkaribisha Winrose kwa kumsogezea kigoda cha pili. Winrose alimweleza kwamba hakujua. Kogo aliacha kupeta.

"Hukuchua?"

"Sikujua, Kogo. Nimejua leo."

"Mimi nilifikiri unachua." Mzee alimtazama kwa macho makavu. "Siku ya ukumbi ulipomfundisha kuimba vile, nikasema, huyu madam ni mtu mwerevu. Anamwambia mtoto polepole. Anamtengenezea njia. Nikatoka nje nikalia, nikarudi nikasema asante Mungu, kuna mtu ananisaidia hii mzigo." Akazungusha mkono kwenye ungo. "Kumbe nilikuwa peke yangu."

 Winrose aliomba mtoto aambiwe kabla ya Jumatano, au wimbo uondolewe.

"Wacha aimbe," Kogo akasema. "Anapenda. Alhamisi asubuhi nitamwambia mimi. Hiyo ni kazi yangu, si yako. Nipe neno lako."

Akampa.

Jumanne, kwenye zoezi la mwisho, alifanya lile aliloliona liko ndani ya uwezo wake. Aliwasimamisha watoto safu mbili na kuwaambia kuna makosa katika wimbo, na makosa ni yake. "Si anakucha. Ni anakuja. Na ndege si yule mkubwa, mweupe. Ni ile kubwa, nyeupe. Tuanze."

"Wee Ticha!" Maxwel akadakia. "Si ulisema ndege iko na uhai?"

"Ndege hii haina."

Watoto wakacheka. Cheruto hakucheka, alikuwa akimtazama Winrose kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Ndivyo nilikuwa nasema, Ticha," akasema. "Kutoka mwanzo."

"Najua. Nilikusikia vibaya."

Waliimba. Anakuja la wenzake lilitoka safi, na la Cheruto likatoka kama kawaida yake, na Winrose akaliacha. Walipomaliza na wengine kukimbilia mikoba, Cheruto alibaki. Alikuwa akizungusha kifungo cha sweta yake.

"Ticha, watu wa ndege ya mizigo wanakaanga wapi?"

Winrose akachuchumaa. "Nani amesema ndege ya mizigo?"

"Uncle alikuwa anaongea na simu. Alisema Mama anakucha na ya mizigo. Nikauliza Kogo wanakaanga wapi, akaniambia niende nikatafute kuku. Wewe unachua kila kitu. Wanakaa wapi?"

Hapakuwa na mtu karibu. Sufuria kubwa ya uji ilikuwa imefunikwa juu ya mawe, bado ina joto. Swali lilikuwa wazi na lilikuwa na jibu moja. Winrose Obura, ambaye hakuwahi kuliacha kosa la mtoto lipite, hata herufi moja, hata siku ya mvua na kengele imelia, alimtazama mtoto aliyemwuliza swali lililo sahihi kuliko yote aliyowahi kuulizwa darasani.

"Dirishani," akasema.

"Kama sisi kwa basi ya shule?"

"Eeh. Kama sisi."

Cheruto akaachia kifungo. "Nilichua tu," akasema, akakimbia.

Jumatano aliimba kuliko alivyowahi kuimba. Maneno yalikuwa yake tena na alikuwa na picha ya dirisha kichwani. Mtu angeweza kuiona kwa jinsi alivyoinua kidevu. Lakini waamuzi wana karatasi zao. Jalal Shariff, aliyekuwa tena mezani, alivua kofia na kujikuna kabla ya kusema.

"Hawa nawakumbuka. Kaunti walinipa asubuhi. Leo wamenipa uwanja wa ndege." Ukumbi ukacheka. "Mama anakuja na ndege, haya, aje salama. Lakini ule ushairi umekwenda wapi? Na yule wangu amekuwa ile. Nani amewaharibia watoto hawa?"

Hawakupita. Bwana Ngigi alirudi na gari la mtu mwingine. Ndani ya basi watoto walinyamaza hadi Cheruto akasema kwa sauti, kuwatuliza, kwamba si neno, yeye kesho ana mgeni, na wote wanaweza kuja.

Wakaja. Alhamisi adhuhuri uwanja wa kwao Kiplangat ulikuwa umejaa viti vya plastiki na watu waliokwisha kujua. Kogo alikuwa amekaa mlangoni, leso kichwani. Winrose alipomwinamia na kumwuliza kwa macho, mzee akatikisa kichwa. Alikuwa amejaribu asubuhi. Alikuwa amemkalisha mtoto kitandani na kumshika mikono, na Cheruto akamwuliza kama Mama atapenda soksi zake, na basi, maneno yakamwisha.

Cheruto alikuwa langoni kwa sare ya shule, soksi zimevutwa hadi magotini. Alikuwa ametaka mama amwone na sare.

Gari jeupe, refu, likakunja kona ya barabara ya vumbi, taa zinawaka mchana. Watu wakasimama. Na kabla ya yeyote kunyoosha mkono, mtoto alikuwa amekwisha kukimbia, akienda sambamba na gari lililopunguza mwendo, akirukaruka ili afike usawa wa vioo. Akatazama dirisha la mbele. Akatazama la pili. La tatu lilikuwa na pazia la zambarau. Akaligonga kwa kiganja. Gari lilisimama. Akazunguka upande wa pili na kuanza tena, dirisha la kwanza, la pili, akiwa ameweka mikono kando ya macho kuzuia mwangaza, hadi wanaume walipofungua mlango wa nyuma na kuanza kulivuta sanduku, na Kiplangat akaja akamwinua.

Hakulia papo hapo. Juu ya bega la mjomba wake, alitafuta katikati ya watu hadi akampata Winrose.

"Ticha," akasema. "Ulisema dirishani."

Hakulisema kwa kelele. Lilikuwa sahihisho tu. Maneno yalikuwa hayo, na mpangilio wake ulikuwa huo, na hakuna mtu ambaye angeweza kuyaongezea kitu. Walioyasikia hawakuyaelewa. Bwana Ngigi, aliyekuwa amesimama na maua ya shule, alitazama viatu vyake.

Ibada ilikuwa ndefu. Wanakwaya wa kanisa waliimba, wachungaji wakapokezana, mtu wa wakala wa safari akasoma rambirambi ambazo zilikosea jina la marehemu mara mbili. Winrose aliketi nyuma. Hakuna aliyemlaumu, Kogo hata alimtumia chai. Aliikamata bilauri hadi ikapoa.

Ndipo akausikia. Ulikuwa ukitoka nyuma ya nyumba, kwenye rundo la kuni, na mwanzoni alidhani ni kichwa chake.

*Mama anakucha,*
*na ndege anakucha,*
*ile kubwa nyeupe…*

Aliinuka, akazunguka ukuta. Cheruto alikuwa ameketi juu ya magogo, soksi zimeshuka, uso umevimba kwa kilio, na alikuwa akijigongea paja kwa kikombe cha kijani. Watoto wa darasa lake walikuwa wamekaa chini kumzunguka. Sauti yake ilikuwa imekwaruza na haikuwa ikitetemeka. Kwenye mstari wa pili Maxwel aliingia, kisha wengine, na hakuna aliyesema anakuja. Wote waliimba lake, na ch yake, na ile yake. Nyuso zao zilikuwa zikifunguka kidogo kidogo. Mmoja alianza kugonga gogo. Cheruto akamwashiria kwa kichwa aendelee, na Winrose akaona, kwa macho yake, kwamba mtoto alikuwa akipumua vizuri zaidi kuliko dakika chache zilizopita. Hakuna mtu mzima aliyempa hilo.

Ubeti ukarudi mwanzo. Sauti ya pili, aliyoitunga yeye, haikuwa na mtu. Winrose akasogea hatua moja, akavuta pumzi, akaanza kuiimba kwa chini.

Kwenye ule mruko wa juu Cheruto akanyamaza. Wenzake wakanyamaza pia, mmoja baada ya mwingine. Akamtazama mwalimu wake bila hasira, kikombe kimesimama hewani, akingoja, kama vile Winrose mwenyewe alivyozoea kusimama mbele ya mtoto na kungoja hadi neno litoke lilivyo.

Winrose akafunga mdomo.

Mtoto alingoja kidogo zaidi, hadi akahakikisha umefungwa. Kisha akaushusha mkono, akagonga paja, na kuanzia pale pale alipokuwa ameachia, pale juu, ambapo mtu mzima yeyote angetua.